Kutafuta na Kufika: mwongozo wa Google na ramani kwa mwanafunzi wa Nairobi

Mwanafunzi wa Nairobi hutafuta vitu vya aina mbili kila wiki: habari na mahali. Habari ni makala ya kunukuu, karatasi za mitihani iliyopita, fomu ya mkopo au takwimu za sensa. Mahali ni ofisi ya atachimenti, ukumbi wa mtihani katika kampasi ambayo hujawahi kukanyaga, au bedsita ambayo bei yake haitamaliza hela za chakula. Zana ni za bure na zimo kwenye simu yako tayari. Kinachowatofautisha watumiaji ni namna wanavyouliza, na kujua ni wapi zana inafika kikomo na inabidi umuulize kondakta.

Maandalizi ya nusu saa

Fanya haya ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, si kwa bando lako.

Kwanza, unganisha simu na eduroam kama chuo chako kimo kwenye mtandao huo, ambao nchini Kenya unaendeshwa na KENET. Faida yake ni kwamba akaunti ya chuo chako hukufungulia intaneti hata ukiwa mgeni kwenye chuo kingine chenye eduroam. Kosa la kawaida ni kuandika namba ya usajili peke yake. Jina la mtumiaji linahitaji mkia wa chuo, yaani alama ya @ na anwani inayoishia kwa ac.ke, la sivyo chuo cha ugenini hakitajua kikupeleke wapi kuthibitishwa. Unganisha ukiwa chuoni kwenu kwanza. Ukisubiri kufika ugenini halafu ikatae, hutakuwa na fundi wa kukusaidia.

Pili, pakua ramani ya Nairobi. Fungua Google Maps, bonyeza picha yako juu kulia, chagua ramani za bila intaneti, kisha uchague eneo lako mwenyewe. Vuta fremu ianzie Ngong na Rongai upande mmoja hadi Juja na Kitengela upande wa pili. Programu itakuonyesha ukubwa wa faili kabla hujapakua, kwa hiyo hakikisha simu ina nafasi. Ramani hiyo huisha muda wake baada ya mwaka mmoja isipohuishwa, na simu ikiwa kwenye Wi-Fi mara kwa mara hujihuisha yenyewe.

Sasa, jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamekwama tayari: bila intaneti, Google Maps hutoa maelekezo ya gari tu. Ya kutembea kwa miguu, ya matatu na hali ya msongamano hayapo. Ndiyo maana tunashauri uwe pia na programu moja inayotumia data ya OpenStreetMap, ramani huru inayochorwa na watu wa kujitolea, kama Organic Maps au OsmAnd. Pakua ramani ya Kenya humo mara moja, na utapata maelekezo ya miguu hata bando likiisha. Vijia vya ndani ya mitaa mara nyingi vimo humo kuliko kwingineko. Kibera, kwa mfano, ilikuwa kama doa tupu kwenye ramani za mtandaoni hadi mwaka 2009, vijana wa huko walipoanza kuichora kwenye OpenStreetMap kupitia mradi wa Map Kibera.

Kutafuta kwa maneno ya jibu

Ukiandika "nitapata wapi idadi ya watu wa Nairobi ya kuweka kwenye assignment", utaletewa kurasa nyingi za watu wenye swali kama lako. Jiulize badala yake: hati yenye jibu ingetumia maneno gani? Hati za serikali na za vyuo vyetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno hayo huenda yakawa ya Kiingereza hata kama kazi yako unaiandika kwa Kiswahili. Jaribu hivi:

2019 census Nairobi City County population site:knbs.or.ke

Hapo umetaja mwaka, jina rasmi la kaunti na tovuti ya Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Utafika kwenye ripoti za sensa zinazosema Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Bila kubana hivyo utakutana na namba nyingine kadhaa, baadhi zikiwa makadirio ya miaka ya baadaye na nyingine zikijumuisha miji ya pembeni kama Ruiru na Kitengela. Zote zinaweza kuwa sahihi kwa kile zinachokihesabu. Mwalimu atakukata alama kwa sababu hukusema wewe unahesabu nini.

Alama chache zinatosha kwa kazi nyingi:

Alama za kunukuu hushika maneno yakae pamoja na kwa mpangilio huo huo. "urban flooding" ndani ya alama hizo si sawa na maneno mawili yaliyoachwa huru.

site: hubana utafutaji kwenye tovuti moja au familia ya tovuti. site:ac.ke hukuletea vyuo vya Kenya pekee, na site:go.ke hukuletea taasisi za serikali.

filetype:pdf huleta hati badala ya kurasa za kawaida. Ukiiunganisha na site: unapata mchanganyiko mzuri wa kutafutia karatasi za mitihani: "past paper" biochemistry site:ac.ke filetype:pdf. Usisahau kwamba mtaala hubadilika. Karatasi ya miaka minane iliyopita inaweza kukufanya usome mada ambayo mwalimu wako ameshaiondoa.

Alama ya kutoa huondoa neno. Ukitafuta Java, lugha ya kompyuta, na Google inakuletea kahawa na mikahawa ya mjini, andika java programming -coffee -restaurant.

OR, kwa herufi kubwa, huleta hiki au kile. Kwa anayetafuta kwa Kiswahili hii ndiyo alama yenye thamani kuliko zote. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni, kwa hiyo mwandishi, waandishi na uandishi ni maneno matatu mbele ya mashine. Usitegemee Google iyaunganishe kwa niaba yako. Andika mwandishi OR waandishi OR uandishi, kisha uongeze mada. Vivyo hivyo kwa nomino za ngeli nyingine: mti OR miti, kijiji OR vijiji.

Alama hizi hukataa kufanya kazi kwa sababu moja ya kipuuzi: nafasi. Baada ya nukta mbili usiache nafasi, wala baada ya alama ya kutoa. site: ac.ke yenye nafasi ni maneno ya kawaida tu, na utapata takataka. Kibodi ya simu hupenda kuongeza nafasi yenyewe baada ya alama za uandishi, kwa hiyo kagua kabla ya kubonyeza.

Majibu yakiwa ya zamani, tumia kichujio cha muda na uchague mwaka uliopita, au ongeza after:2022 mwishoni. Na ukikuta kiungo kilichokufa, hasa cha ripoti ya serikali iliyohamishwa tovuti ilipofanyiwa ukarabati, nakili anwani yake uibandike kwenye web.archive.org. Mara nyingi nakala ya zamani imehifadhiwa huko. Ile nakala ya akiba ambayo Google yenyewe ilikuwa ikitoa iliondolewa mwaka 2024, basi usipoteze muda kuitafuta.

Siku hizi juu ya majibu huja muhtasari uliotungwa na akili bandia. Utumie kupata istilahi za kutafutia zaidi, kisha fungua viungo vilivyo chini yake usome mwenyewe. Muhtasari huo unaweza kuchanganya Kenya na nchi nyingine au sheria ya zamani na mpya, kwa sauti ile ile ya kujiamini. Kuunukuu kwenye kazi ya chuo ni kujitafutia balaa.

Google Scholar, na pale unapoambiwa ulipe

Kwa kazi inayohitaji marejeleo, hamia scholar.google.com. Utaratibu unaookoa muda ni huu.

1. Andika istilahi mbili au tatu tu pamoja na mahali: matatu safety Nairobi. Sentensi ndefu hupunguza majibu.

2. Bana miaka pembeni. Kama mwalimu amesema vyanzo visizidi miaka mitano au kumi, fanya hivi mwanzoni kabla hujaipenda makala ambayo utalazimika kuitupa.

3. Ukipata makala moja nzuri, usirudi kutafuta upya. Bonyeza "Cited by" chini yake uone walioinukuu baadaye. Makala moja ya zamani yenye nguvu hukufikisha kwenye kumi mpya kwa njia hii, na ndiyo njia ambayo watafiti wenyewe huitumia.

4. Tazama upande wa kulia. Kukiwa na kiungo cha PDF, makala ni ya bure. Kisipokuwepo, bonyeza "All versions", kwa sababu mara nyingi mwandishi ameweka nakala kwenye hazina ya chuo chake.

5. Bado unaambiwa ulipe? Usilipe. Maktaba za vyuo vyetu hununua haki ya kusoma majarida kwa pamoja kupitia muungano wao, KLISC, na huenda jarida hilo limeshalipiwa. Ukiwa kwenye mtandao wa kampasi, liingie kupitia ukurasa wa maktaba. Ukiwa nyumbani, mwombe mkutubi akuunganishe na mfumo wa kusomea nje ya kampasi. Pia ingia kwenye mipangilio ya Scholar, sehemu ya viungo vya maktaba, uongeze chuo chako kama kimo. Unaruhusiwa maktaba hadi tano.

6. Alama ya kunukuu iliyo chini ya kila jibu hukupa rejeleo tayari kwa mtindo wa APA, MLA, Chicago, Harvard au Vancouver. Linakili, kisha ulikague herufi kwa herufi. Majina ya Kiafrika huvurugwa mara nyingi: jina la kwanza hugeuzwa la ukoo, au jina la katikati hupotea. Kichwa huja kwa herufi kubwa zote, na kurasa hukosekana. Msimamizi mkali huanzia ukurasa wa marejeleo, kwa hiyo usimpe sababu.

Tasnifu za wanafunzi waliotangulia, zilizo kwenye hazina kama erepository.uonbi.ac.ke, ni nzuri kwa kuona jinsi mada ilivyogawanywa na nani alinukuliwa. Ila mtu akikuta sura yako ya pili ina tasnifu tupu, atajua hukufika kwenye vyanzo vyenyewe.

Tovuti ya kweli na ya matapeli

Msimu wa mikopo na wa kuchagua kozi huleta tovuti bandia zenye nembo zilizonakiliwa. Soma anwani kutoka kulia kwenda kushoto, ukianzia pale jina linapoishia kabla ya mkwaju wa kwanza. Miisho ya ac.ke na go.ke hupewa taasisi za elimu ya juu na za serikali, haiuzwi kwa yeyote anayepita. Lakini kanuni hii haimalizi kila kitu: HELB yenyewe, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hutumia helb.co.ke, na mwisho wa co.ke mtu yeyote anaweza kuusajili. Kwa hiyo anwani za HELB na za KUCCPS, inayopanga wanafunzi vyuoni, zihakikishe mara moja kutoka kwenye barua ya chuo au ofisi ya wanafunzi, zihifadhi kama alamisho, na tangu siku hiyo ingia kwa alamisho hiyo. Usiingie kwa kiungo kilichotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, hata kama aliyekituma ni mwakilishi wa darasa. Jibu la kwanza kwenye Google nalo linaweza kuwa tangazo la kulipiwa. Lina alama ndogo juu yake ambayo macho yenye haraka huiruka.

Kufika mahali

Hapa ndipo ramani na Nairobi hugombana, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza kwa kuhakikisha una jina sahihi. Chuo Kikuu cha Nairobi si mahali pamoja: kampasi kuu iko kando ya University Way, Chiromo iko upande wa Riverside, na kuna Upper Kabete na Lower Kabete, ambazo kwa jina ni ndugu lakini zimeachana kiasi kwamba ukikosea umechelewa mtihani. Kuna Moi Avenue katikati ya jiji na Moi Drive kule Umoja. Kuna Kenyatta Avenue mjini na Kenyatta Road iliyo kwenye barabara ya Thika, kati ya Ruiru na Juja. Githurai 44 na Githurai 45 zilipata majina yao kwa namba za matatu, na si mtaa mmoja. Andika jina la jengo au la idara, halafu tazama mtaa uliotajwa chini ya jina kabla ya kubonyeza maelekezo.

Anayekualika akikosa anwani inayoeleweka, mwombe Plus Code. Hiyo ni anwani ya herufi na tarakimu ambayo Google Maps huonyesha ukishikilia kidole mahali popote hadi pini itokee. Msimbo kamili wa tarakimu kumi huonyesha mraba wa takriban mita 14 kwa 14, unaotosha kutofautisha ploti na ploti. Jijini Nairobi msimbo kamili huanza na 6GCR. Ukielekea mashariki, karibu na Juja, hugeuka 6GCV. Ule mfupi huacha herufi hizo nne na badala yake huandikwa pamoja na jina la mji. Misimbo hii haina irabu, wala haina 0 au 1. Kwa hiyo mtu akikusomea kwa simu ukasikia "o" au "sufuri", kuna aliyekosea, na mwambie akutumie kwa ujumbe.

Sasa njia. Google Maps ina njia za matatu za Nairobi tangu mwaka 2015, kutokana na mradi wa Digital Matatus ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani. Wanafunzi walipanda matatu na simu zao, wakarekodi njia na stegi moja baada ya nyingine. Kazi hiyo bado ina faida kubwa: ukichagua alama ya basi utaonyeshwa namba ya njia, kama 111 ya Ngong, 125 ya Rongai, 46 ya Kawangware au 237 ya Thika, na stegi ya kushukia. Namba za njia hazibadiliki haraka. Kinachobadilika ni stegi za katikati ya jiji, ambazo kaunti huzihamisha, na saa, ambazo matatu hazina. Ukiona ramani inasema gari litaondoka saa mbili na dakika kumi na saba, cheka kidogo. Gari litaondoka likijaa.

Kwa hiyo chukua namba ya njia na jina la stegi ya kushukia kutoka kwenye ramani, na mahali pa kupandia uliza watu. Uliza kwa alama ambazo mji unazitumia: Kencom, Archives, Ambassadeur, Odeon, Railways, Khoja, GPO. Kondakta naye mtajie jina la stegi, si la jengo. "Nishushe Allsops" ataelewa. Jina la kampuni iliyo ghorofa ya nne hataelewa. Nauli usiitafute kwenye simu. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, bei ya asubuhi haipo tena.

Kukadiria muda ni hesabu yenye hatua zake. Chagua maelekezo ya gari, si ya basi, kisha uweke saa unayotaka kufika. Ramani itakupa kipimo chenye namba mbili, kwa mfano dakika 35 hadi dakika 80. Shika ile kubwa. Ongeza muda wa matatu kujaa, muda wa kusimama stegi kila baada ya hatua chache, na muda wa kutembea kutoka unaposhuka. Kutoka Juja hadi katikati ya jiji ni kilomita takriban 36, na asubuhi ya siku ya kazi umbali huo haukuambii chochote kuhusu muda.

Kuna mtego mmoja kwa wanaotoka upande wa Mlolongo na barabara ya Mombasa. Ramani hupenda kulipitisha gari kwenye Nairobi Expressway, barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27 inayofika Westlands. Matatu nyingi hupita chini, kwenye foleni. Fungua chaguo za njia, weka kuepuka barabara za kulipia, na utaona muda ukiongezeka hadi ule wa kweli.

Maelekezo ya miguu yana upofu wake. Ramani inaweza kukupitisha ndani ya mtaa wenye geti ambalo askari wake hatakufungulia, au kukuvusha barabara ya Thika mahali ambapo hakuna daraja la waenda kwa miguu. Kabla ya kuondoka washa picha ya setilaiti, ifuate njia yote kwa kidole, na utafute daraja lilipo. Kumbuka pia kwamba magari yetu hupita kushoto, kwa hiyo stegi ya kwenda mjini na ya kutoka mjini ziko pande mbili tofauti za barabara. Ukishuka kwenye ile isiyo yako, huenda ukatembea dakika kumi kutafuta pa kuvukia.

Kitone cha buluu kikirukaruka katikati ya jiji, sababu ni majengo marefu: ishara za setilaiti hugonga kuta na kufika simuni kwa kuchelewa, simu ikadhani uko barabara ya pili. Duara pana la buluu linalokizunguka kitone ndilo linalokuambia ukubwa wa kosa. Washa Wi-Fi hata kama huna mtandao wa kuingia, kwa kuwa simu hutumia mitambo ya Wi-Fi iliyo karibu kujua ilipo, na uipeperushe simu kwa umbo la nane ili dira yake ijirekebishe. Ila usifanye hivyo katikati ya River Road jioni. Simu iliyoinuliwa juu ni mwaliko. Ingia dukani, soma ramani, shika alama tatu kichwani, kama vile kona, benki na petroli, kisha weka simu mfukoni utembee kama mwenyeji.

Ukisafiri usiku, tuma mahali ulipo kwa muda maalumu. WhatsApp hukuruhusu kuonyesha safari yako kwa dakika 15, saa moja au saa nane. Mtumie mtu aliye macho na mwenye bando, si kikundi chenye watu mia mbili.

Kutafuta nyumba bila kutapeliwa

Bedsita iliyo "dakika tano kutoka kampasi" huwa dakika tano kwa bodaboda. Omba Plus Code au pini ya ploti yenyewe, kisha pima mwenyewe kwa maelekezo ya miguu kutoka kwenye geti unalolitumia kweli, si kutoka katikati ya kampasi. Wakala akikataa kutoa pini na kusema mkutane stegi kwanza, si lazima awe tapeli, kwani wengi huogopa mteja atawaruka aende moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Lakini mtu huyo usimtumie hata shilingi moja kabla hujaingia chumbani.

Picha alizokutumia zipitishe kwenye Google Lens, zana ya kutafuta kwa picha. Zikitokea kwenye matangazo ya nyumba ya mtaa mwingine, au ya nchi nyingine, mazungumzo yameisha. Zisipotokea popote haimaanishi ni za kweli. Maana yake ni kwamba hazijawahi kuwekwa mahali ambapo Google imeona.

Kisha kagua ploti kutoka juu. Washa setilaiti, tafuta mto ulio karibu, shikilia kidole ukingoni mwa mto, chagua kupima umbali, na uvute mstari hadi kwenye nyumba. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliikumba vibaya Mathare, na baada yake serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni. Mpangaji aliyelipa dipoziti katika nyumba kama hiyo anaweza kukosa wa kumdai. Kwa ploti iliyo karibu na Mto Nairobi, Mathare au Ngong, kipimo hiki ni cha lazima. Ukipata kompyuta, fungua Google Earth na usogeze picha nyuma kwa miaka. Bwawa au bonde lililokuwepo kabla ya majengo litajionyesha.

Street View husaidia kuona hali ya barabara, geti na taa, lakini soma tarehe iliyo kwenye picha. Mtaa wa Nairobi hubadilika sura kwa miaka miwili. Na tafuta kilichopo jirani kwa kuandika bar, club na church kwenye ramani hiyo hiyo. Maoni ya wateja wa baa iliyo mita hamsini kutoka dirishani pako yatakuambia vizuri zaidi muziki huzimwa saa ngapi kuliko msimamizi wa ploti atakavyokuambia.

Ramani ya utafiti wako

Anayekusanya data nyanjani, iwe ni visima, vibanda vya mboga au vituo vya afya, anaweza kuchora ramani nadhifu bila programu ngumu. Andika jedwali lenye safu ya jina, safu ya latitudo na safu ya longitudo, kisha ulipakie kwenye Google My Maps. Kila ramani huchukua tabaka 10, na kila tabaka huchukua hadi alama 2,000, kiasi kinachotosha kwa shahada ya kwanza.

Makosa ni mawili na hujirudia kila mwaka. Nairobi iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yake ni hasi: -1.28, 36.82. Ukisahau ile alama ya kutoa, kisima chako cha Nairobi kitatua kaskazini, katika Kaunti ya Samburu, karibu kilomita 285 kutoka kilipo. Ukibadilisha safu, longitudo ikatangulia, kitatua kwenye Bahari ya Mediterania kusini mashariki mwa Hispania. Kabla ya kumwonyesha msimamizi ramani, ivute nyuma uione dunia nzima. Alama iliyotoroka itaonekana mara moja.

Na kama alama zako ni nyumba za watu waliojibu hojaji, usichapishe viwianishi kamili. Punguza desimali zibaki mbili, usahihi ushuke hadi takriban kilomita moja, na lile jedwali la asili libaki kwenye faili yenye nywila.